Kocha akienda, prezida akienda, ekipe inabaki na nani?

Hapa Kisangani tuko na namna yetu ya kuhesabu misimu ya mpira. Mtu hakuambii mwaka. Anakuambia "ilikuwa wakati wa prezida fulani", ao "ilikuwa mbele kocha yule aende Kinshasa". Ukisikiliza wazee karibu na Stade Lumumba, ao vijana wa toleka wanaongojea wateja pale Makiso, utaona historia yote ya mpira wetu imepangwa kwa majina ya watu walioondoka. TS Malekesa, AS Nika, AS Makiso, zote tatu zimepita mu Linafoot, zote tatu zimejua kupanda na kushuka, na karibu kila mara kushuka kulianza na mtu mmoja kufunga mizigo yake.

Tumeona vizuri kuangalia jambo hili kwa karibu. Watu wanaenda, hiyo ni kawaida ya kazi. Kocha anapata pahali penye mshahara mzuri, prezida anachoka ao anaishiwa na franga, sekretere anahama mji. Kazi iko pale kwenye kujua nani anaingia pahali pake, anaingia namna gani, na anakuta nini juu ya meza. Kwa wengi kwetu anakuta meza tupu. Wakati mwingine hata meza yenyewe ilikuwa ya prezida, ameibeba.

Tuanze na ile ekipe ambayo kila Mkongomani anapima nayo zingine, hata asiyeipenda. TP Mazembe ya Lubumbashi ilibeba vikombe vitano vikubwa vya Afrika kati ya 2009 na 2017. Ukitafuta kocha aliyekuwa kwenye banki kila mara, utapata watu watano. 2009, Ligi ya Mabingwa, Diego Garzitto. 2010, kikombe kile kile, Lamine N'Diaye, Msenegali, na mwezi wa kumi na mbili mwaka ule akaipeleka Mazembe mpaka fainali ya Kombe la Dunia la klabu kule Abu Dhabi, ekipe ya kwanza ya Afrika kufika pale, ikapigwa 3-0 na Inter ya Milan. 2015, Patrice Carteron. 2016, Kombe la Shirikisho, Hubert Velud. 2017, kombe hilo hilo, Pamphile Mihayo, mtoto wa nyumba, mchezaji wa zamani wa Mazembe yenyewe.

Vikombe vitano, makocha watano! Mtu anaweza kusema basi kubadilisha kocha ni dawa. Wasupota wetu wanalipenda sana neno hilo: mechi mbili zikipotea, wanaimba "kocha atoke". Lakini tuangalie vizuri kilichokuwa nyuma ya wale makocha. Moïse Katumbi anaongoza Mazembe tangu 1997. Stade ya Kamalondo, ambayo ni mali ya klabu, ilifunguliwa 2011. Mwaka uliofuata ikaanzishwa akademia ya watoto. Mishahara inajulikana tarehe yake. Kocha mupya akifika Lubumbashi, anakuta uwanja, anakuta wachezaji walionunuliwa kwa mpango ambao haukuanza naye, anakuta mganga, anakuta mtu wa vifaa anayejua kila mchezaji anavaa kiatu namba gani. Kazi yake ni kufundisha tu. Akienda, anabeba sanduku lake la nguo, mengine yote yanabaki.

Na kuna jambo moja la kipindi kile ambalo watu wanalisahau. Mwezi wa tano 2016 Katumbi mwenyewe alitoka nchini kwa mambo ya siasa, akarudi mwezi wa tano 2019. Miaka mitatu prezida yuko ngambo. Lakini Kombe la Shirikisho la 2016 na la 2017 yote mawili yalibebwa wakati ule! Carteron alikuwa ameondoka mwanzo wa 2016, Velud akaingia. Velud akaondoka mwisho wa mwaka, Thierry Froger akaja, hakukaa sana, na Mazembe ikatolewa mapema kwenye Ligi ya Mabingwa na CAPS United ya Zimbabwe. Mu ekipe zingine hapo ndipo nyumba ingeanguka: prezida hayuko, kocha ameenda, kikombe kikubwa kimepotea. Mazembe haikutuma watu Ulaya kutafuta jina jipya. Ilimpa kazi Mihayo, aliyekuwa ndani tayari, aliyejua vijana wote kwa majina ya nyumbani. Mwezi wa kumi na moja akabeba kombe mbele ya SuperSport United ya Afrika Kusini, 2-1 kule Lubumbashi na 0-0 Pretoria.

N'Diaye naye ni mfano. Alipotoka kwenye banki 2013 na Carteron akaingia, hakufukuzwa kama mwizi. Mlango ulibaki wazi, na miaka kumi baadaye alirudi kufundisha Mazembe, akabeba shampiona ya 2023-2024 na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kocha unayeachana naye kwa heshima, unaweza kumwita tena. Yule unayemdai na anayekudai, humwiti hata kwenye matanga.

Lakini tusiimbe sifa tu. Mazembe inajua sana kubadilisha makocha, ila haijajaribu hata mara moja kubadilisha prezida tangu 1997. Wasimamizi walibaki na kuendesha kazi wakati yeye yuko mbali, ni kweli, lakini jina, mfuko na simu ya mwisho vilibaki vyake. Siku kiti kile kitakuwa wazi kabisa, hapo ndipo tutajua kama nyumba imejengwa kwa matofali ao kwa mtu.

Vita Club ya Kinshasa ilitembea njia nyingine, na mwisho wake unatufundisha zaidi sisi wa Kisangani, juu yetu tunafanana nayo kuliko tunavyofanana na Mazembe. Pale ni kocha aliyebaki. Florent Ibenge alichukua Vita 2014, mwaka ule ule akaipeleka fainali ya Ligi ya Mabingwa mbele ya Entente Sétif ya Algeria. Akabeba shampiona 2015, 2018 na 2021, akafika fainali ya Kombe la Shirikisho 2018 mbele ya Raja ya Casablanca. Kwa miaka mitano alikuwa pia kocha wa Léopards. Miaka saba kwenye banki moja, mu nchi yetu, ni karibu muujiza. Wakati wake mwingi prezida alikuwa jenerali Gabriel Amisi. Jenerali alipoachia kiti, akaingia Bestine Kazadi, mwanamke wa kwanza kuongoza Vita. Na 2021 Ibenge akaenda Moroko, kwa RS Berkane. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amebeba Kombe la Shirikisho huko. Kisha Al Hilal ya Sudani, na 2025 Azam ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo mu muda mfupi Vita ilipoteza mwenye mfuko na mwenye benchi. Raoul Shungu, mzee anayejua kazi, aliyewahi kufundisha Rwanda na Tanzania, akashika banki. Akaja baadaye Abdeslam Ouaddou, Mmoroko, naye akaondoka kwenda Afrika Kusini. Juu, komite nayo ikabadilika tena: kampuni ya Milvest kutoka Uturuki ikaingia kama mshirika, na Amadou Diaby akakalia kiti cha prezida. Hatusemi hawa watu ni wabaya. Tunasema kila mmoja alifika akakuta yule wa mbele ameenda na kichwa chake, yaani na kila kitu alichokijua. Ibenge alijua nani acheze mechi gani, mchezaji gani anahitaji kupigiwa simu usiku, mtoto gani wa Bandal anaweza kupanda. Hayo yote hayakuandikwa popote. Tangu alipoondoka, Vita haijabeba shampiona nyingine.

Sasa tuvuke mpaka kidogo, juu wengi wetu siku hizi tunafuata mpira wa Tanzania sawa ni wa kwetu, tangu Fiston Mayele alipokuwa Yanga na Maxi Nzengeli alipotoka Maniema Union kwenda huko 2023. Yanga iliachana na Nasreddine Nabi 2023, baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho. Akaingia Miguel Gamondi, akabeba shampiona. Mwezi wa kumi na moja 2024 Gamondi akaondolewa, akaingia Sead Ramovic. Ramovic hakumaliza miezi mitatu: mwezi wa pili 2025 akaitwa Algeria na CR Belouizdad, akaenda. Akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu msimu mmoja, na Yanga ikabeba shampiona ile ile. Tukiwaambia wasupota wa hapa wanatucheka, wanasema ni franga tu. Franga iko, hatukatai. Lakini tazama upande wa ofisi. Yanga iko na mtendaji mkuu, mtu wa mshahara, tofauti na prezida anayechaguliwa. Senzo Mbatha alipoondoka kwenye kazi hiyo 2022, walimtafuta mtu mwingine wa kazi hiyo hiyo, na waliyemleta ni Andre Mtine, Mzambia aliyejifunza kazi kwa miaka mingi wapi? Kwa Mazembe, Lubumbashi! Ndiyo, tunauza mpaka wasimamizi, na sisi wenyewe hapa tunaendelea kuendesha ekipe kwa simu ya prezida.

Simba nayo: Barbara Gonzalez alitangaza mwezi wa kumi na mbili 2022 kwamba anaacha kazi ya mtendaji mkuu, na mwezi uliofuata Imani Kajula alikuwa ametajwa. Mtu akitangaza mapema, mwingine anaingia wakati yule wa zamani bado anaweza kumwonyesha funguo.

Ni Simba hiyo hiyo iliyotupa somo lingine, hili la makaratasi. 2021 kocha wao Didier Gomes, Mfaransa, alizuiliwa na CAF kukaa kwenye banki ya Ligi ya Mabingwa juu diploma yake ya UEFA A haikutosha. CAF inaomba kocha mkuu awe na leseni ya CAF A, na kwa waliosomea Ulaya, ile ya Pro. Mwezi wa kumi Simba ikapigwa nyumbani 3-1 na Jwaneng Galaxy ya Botswana, ikatoka, na Gomes akaenda. Sasa fikiria komite ya Kisangani inayomleta kocha kwa haraka kati ya mechi mbili, bila kumuuliza hata kopi ya diploma. Akifaulu kuwapeleka kwenye kombe la Afrika, huenda asikubaliwe kukaa.

Na kontra. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021, FIFA iliingiza mu sheria zake sehemu nzima juu ya makocha. Kontra iandikwe. Kocha akifukuzwa bila sababu ya haki, analipwa, na msingi wa kuhesabu ni ile mishahara iliyobaki mpaka mwisho wa kontra. Klabu ikihukumiwa, inapewa siku 45 kulipa, isipolipa inaweza kukatazwa kuandikisha wachezaji wapya mpaka vipindi vitatu vya transferi. Hiyo inaangalia hasa makocha wa kigeni wanaopeleka kesi FIFA. Kocha wa hapa kwetu analilia kwa Fecofa, ao kwa mke wake. Mara nyingi hana hata karatasi ya kuonyesha: alipewa kazi kwa mdomo, na kwa mdomo akaambiwa apumzike.

Tukirudi nyumbani, tunaona ugumu ambao Lubumbashi na Dar hawaujui. Kisangani iko mbali. Kwa mto, kutoka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1.700, na hakuna ekipe inayopanda baleinière kwenda kucheza mechi ya Jumapili. Ndege ndiyo barabara, na tiketi za watu ishirini na tano zinaweza kumaliza mfuko wa prezida mbele msimu ufike katikati. Hapo ndipo prezida anaanza kukosa kwenye mazoezi. Kwanza simu inaita bila kujibiwa, kisha tunasikia yuko Kinshasa kwa "mambo ya ekipe", kisha primi ya mechi mbili haijatoka. Kocha naye anaelewa. Kwetu, kocha na prezida hawaondoki kila mmoja wakati wake kama Mazembe ao Simba. Wanaondoka pamoja, juu mmoja alikuja na mwingine.

Prezida akitoka, anafanya hesabu: nimeweka kiasi hiki mu ekipe, munanidai. Ilikuwa zawadi ao deni? Hakuna aliyeandika. Komite mpya inaingia na deni ambalo haijui ukubwa wake. Kashe ya klabu iko nyumbani kwa sekretere wa zamani. Dosie za wachezaji ziko mu begi ya mtu aliyekasirika. Akaunti ya kuandikisha wachezaji kwenye mtandao wa FIFA inafunguliwa na mtu mmoja mwenye neno la siri, na huyo mtu sasa anauza mafuta Mangobo na hataki kusikia jina la ekipe. Wakati wanabembelezana, kipindi cha transferi kinafungwa. Vijana watatu wazuri wamekwisha kwenda, mmoja Kindu, mmoja Goma, mmoja Bunia, bila klabu kupata hata franga moja ya kuwalea.

Hapo ndipo uchungu uko, na hatuwezi kuuficha kwa maneno mazuri. Mtoto wa Kabondo ao wa Lubunga anayevuka mto kwa pirogue kuja mazoezini hajali jina la prezida. Anataka mtu akae miaka miwili, mitatu, amfundishe. Kila akibadilishiwa kocha anaanza tena kujitambulisha. Msimu wa 2022-2023 shampiona ya taifa yenyewe haikumalizika. Kama hata juu kunatikisika hivyo, ekipe ya mkoa isiyo na mpango wake yenyewe inashikilia nini?

Kindu si mbali sana na sisi, na si tajiri kuliko sisi. Maniema Union, wakiwa na Papy Kimoto kwenye banki, kocha Mkongomani, walifika mu makundi ya Ligi ya Mabingwa 2024-2025, wakacheza na Mamelodi Sundowns, FAR ya Rabat na Raja. Wasupota wa hapa wanaosema bila mzungu hakuna kitu waangalie upande wa kusini, mto unatoka huko.

Tunaomba nini basi? Tumeongea na watu wa mpira wa mji huu, waliokuwa mu komite na waliofukuzwa kutoka humo, na wanakubaliana kwenye mambo machache kuliko tulivyofikiri. La kwanza ni kocha msaidizi. Ekipe nyingi zinaacha kocha mkuu aje na msaidizi wake, na akienda wanaenda wote wawili. Wengine wanasema heshima ya kocha inaomba hivyo. Sisi tunaona klabu iwe na msaidizi wake yenyewe, mtoto wa mji, mwenye kontra na klabu, anayelipiwa kozi za CAF hatua kwa hatua, kutoka D mpaka C, B, na siku moja A. Kumlipia kozi hizo ni kazi ya miaka, na prezida anayefikiria uchaguzi ujao hataipenda. Lakini Mihayo hakuanguka kutoka mbinguni.

La pili ni siku ya kukabidhiana. Yule anayetoka na yule anayeingia wakae pamoja, mbele ya mtu wa Entente, waandike: mipira mingapi, majozi mangapi ya majezi, wachezaji gani wako na kontra mpaka lini, madeni gani na kwa nani, neno la siri liko wapi, kashe iko wapi. Kila aliyeweka franga zake aseme kama ni mkopo ao ni mchango, siku ile ile anaziweka, asingoje siku ya hasira. Watu watatu wasaini. Karatasi moja ibaki klabuni, moja Entente.

Mikutano mikuu ya klabu kwa kawaida inafanyika mbele ya msimu, na mwenye karatasi ya uanachama ana haki ya kuuliza. Basi wakati mwenye kiti atasimama kumtangaza kocha mupya na watu watapiga makofi, mtu mmoja anyooshe mkono aulize mambo haya: kontra yake ni ya muda gani, diploma yake ni ya hatua gani, na yule aliyeondoka amelipwa ao bado.